KANISA LA RABAI NA WATU WALIOKOSA UKOO

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Kamati ya Chama imenitaka niseme habari za Kanisa la Mtakatifu Paulo la Rabai, na jinsi watu walivyoishi chini ya kivuli chake tangu lilipoanza. Nimeupokea wito huo kwa furaha, ila naomba radhi mapema kwa jambo moja: sitasema yote. Habari za Dakta Krapf na mlima wa Kenya, na za Bwana Rebmann na mlima wa Kilimanjaro, zimefundishwa mashuleni vya kutosha, na kila mtoto wa Rabai aweza kuzisema hata akiwa amelala. Hizo nitazipita upesi. Nataka kukaa zaidi na watu wengine, ambao vitabu vya shule huwataja kwa mstari mmoja tu kisha vikawaacha. Yaani wale waliofika Rabai bila baba, bila mjomba, bila ukoo, na hata hivyo wakawa mji.

Sikuchagua habari hizi kwa ajili ya kupendeza masikio tu. Mnajua nyote kwamba mwaka huu Kamati imeletewa swali gumu: ni nani ahesabiwe kuwa mtu wa Rabai, ili apate haki ya kuzikwa na Chama hiki, na mjane wake apate kutazamwa, na watoto wake wapate kusaidiwa karo? Kanuni yetu yamtaka mwenye kuomba ataje ukoo wake na kaya yake. Wako walioomba wakashindwa kutaja, ingawa babu zao wamelala katika makaburi ya kanisa letu tangu karne ya kumi na tisa. Swali hilo halifai kuamuliwa na mtu asiyejua jinsi watu hao walivyokuja.

Basi tuanze. Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani wa nchi ya Württemberg, aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, C.M.S. Alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe akafa kwa homa, na mtoto wao mchanga akafa pia, wakazikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Watu wengi wangerudi kwao. Yeye alikuwa ameanza mwezi wa Juni kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akaendelea nacho. Mwaka 1846 akaletewa mwenziwe, Johannes Rebmann, na tarehe 25 Agosti mwaka huo wakaupanda mlima wa Rabai kwenda kukaa. Wote wawili walikuwa wagonjwa wa homa siku hiyo, hata kutembea kulikuwa taabu.

Hapa nataka tuangalie neno moja, kwa kuwa mara nyingi hurukwa. Wageni wale hawakupanda mlima kwa nguvu. Walikuwa wamekwisha kuja mbele ya wazee wa Rabai na kueleza shida yao, na wazee wakashauriana kwa desturi yao, wakawakubalia. Hapakuwa na serikali ya Kizungu wakati ule ya kuwalazimisha. Hata kampuni ya Waingereza ilikuwa haijaja, nayo ilikuja baada ya miaka zaidi ya 40. Kwa hiyo jiwe la kwanza la kanisa la Rabai ni ukarimu wa watu wa kaya. Mimi ni mtu wa kaya kwa baba na kwa mama, nami naona fahari kulisema hilo. Lakini fahari hiyo ina deni ndani yake, nami nitalifikia deni hilo baadaye.

Mtu wa kwanza kulishika neno lao alikuwa Mringe, kilema, ambaye wenziwe hawakumfanyia hesabu kubwa. Baada yake walikuja wachache, mmoja mmoja, kama matone. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, lakini Rebmann alibaki. Alibaki miaka 29 bila kurudi kwao Ulaya. Mkewe alifia huku huku, naye macho yake yakaingia giza hata akawa kipofu. Alipoondoka mwaka 1875, aliyemshika mkono na kumwongoza safarini hata Ulaya alikuwa kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Rebmann alifariki mwaka uliofuata. Mara nyingi twasikia ikisemwa kwamba Wazungu waliwaongoza Waafrika. Ni vema vijana wetu wajue kwamba katika safari hii mwenye kuongozwa alikuwa Mzungu.

Katika miaka ile ya upweke Rebmann aliandika kamusi. Moja ni ya lugha ya Kinyika, kama tulivyokuwa tukiitwa zamani. Nyingine, iliyopigwa chapa mwaka 1877 baada ya kufa kwake, ni ya lugha ya watu wa Ziwa Nyasa. Mtu atauliza, mwalimu aliyekaa Rabai aliijuaje lugha ya Nyasa, nchi ambayo hakuiona hata siku moja? Aliijua kwa mtumwa, jina lake Salimini, aliyetekwa kwao na kuletwa pwani. Maneno ya Salimini yalifika kitabuni, naye mwenyewe hakurudi kwao. Tangu mapema namna hiyo, kabla ya Frere Town, watu wasio na ukoo walikwisha kuwa karibu na mlango wa misheni ya Rabai.

Sasa twafika penyewe. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikizunguka baharini kukamata majahazi yaliyochukua watumwa. Waliookolewa walipelekwa mahali mbalimbali, wengine Bara Hindi. Huko, karibu na mji wa Nashik, C.M.S. ilikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika, na mkuu wake alikuwa Padre William Salter Price. Watoto walifundishwa kusoma na kuandika, useremala na uhunzi, wakabatizwa, wakapewa majina mapya. Mwaka 1864 watatu wa watu hao waliletwa Rabai kumsaidia Rebmann: George David, Ishmael Semler na William Jones. Fikirini hali yao. Walikuwa Waafrika, lakini hapa walikuwa wageni kuliko Mzungu. Walivaa kanzu na koti, walijua Kiingereza na lugha za Kihindi, na mtu akiwauliza "Kwenu wapi?" hawakuwa na jibu ambalo mwenye kuuliza angelifahamu.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alikuja Unguja, na tarehe 5 Juni mwaka ule Sultani Barghash akatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Waliokombolewa walihitaji mahali pa kukaa. Padre Price aliletwa kutoka Bara Hindi, akanunua shamba Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na mwaka 1875 ukaanzishwa mji ulioitwa Frere Town. Kengele ya mji ule ndiyo iliyopatia mahali jina la Kengeleni, nalo jina lipo hata leo vinywani mwa makondakta wa matatu, ambao wengi wao hawajui wanaita nini.

Frere Town na Rabai vilikuwa kama ndugu wawili. Watu walihama huku na huku, walioana, walisomeshana, na kasisi aliyekuwa huku leo kesho aliweza kuwa kule. Waliokaa katika vijiji hivyo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wangindo na watu wa makabila mengine ya bara. Wengi walitekwa wakiwa wadogo mno hata hawakukumbuka jina la kijiji chao. Hawakuwa na lugha moja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho walichosalia nacho na kuimbia. Kwa hiyo pale ambapo wengine walijifunza Kiswahili kwa ajili ya biashara, hawa walikifanya kuwa lugha ya mama kwa sababu lugha za mama zao zilikuwa zimepotea njiani.

Nawaomba wazee wanisaidie kufikiri. Ukoo wafanya kazi gani kwa mtu? Kwanza humpa jina. Humtafutia mke na kumtolea mahari, au humpokelea mahari binti. Humtetea akidaiwa. Akiugua humtazama, akifa humzika na kumlilia, kisha hugawanya alichokiacha. Mtu asiye na ukoo amekosa hayo yote kwa siku moja. Hata akiwa na afya na jembe na shamba, bado ni mtu ambaye akifa leo hakuna wa kumwambia jirani, "Njoo, tumefiwa."

Basi kazi hizo zote, kazi za ukoo, ziliangukia kanisa. Tukikifungua Kitabu cha Sala twaona kimeagiza kwamba mtoto wa kiume awe na wadhamini watatu katika ubatizo wake, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na mtoto wa kike vivyo hivyo, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Kwa Mwingereza mwenye shangazi na wajomba tele, agizo hilo lilikuwa desturi ya heshima tu. Kwa mtoto wa Rabai ambaye wazazi wake wote wawili walitolewa jahazini, wadhamini wale watatu ndio waliokuwa shangazi na wajomba. Kadhalika kitabu hicho chaagiza ndoa itangazwe kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme. Mahali ambapo hapakuwa na wazee wa mbari wa kuulizana habari za damu, lile tangazo lilishika nafasi ya baraza. Kisha ikaja rejesta, yaani daftari la ubatizo, daftari la ndoa na daftari la maziko. Sisi watu wa kaya tulikuwa tukihesabu vizazi kwa mdomo, baba kwa babu. Wao vizazi vyao vyaanza kwenye mstari wa kwanza wa daftari, na juu ya mstari ule hakuna kitu.

Nisieleweke kana kwamba nasifu kila kitu. Maisha ya misheni yalikuwa na ukali wake. Mtu aliyeponyoka pingu za Mwarabu alijikuta chini ya kengele ya Mzungu: kengele ya kuamka, ya kazi, ya sala, ya kulala. Huko Frere Town adhabu za viboko na kufungwa zilizidi kiasi, hata mwaka 1881 serikali ya Kiingereza ilifanya uchunguzi, na msimamizi wa wakati huo akaondoka. Ngoma zilikatazwa, na tembo la mnazi likasemwa vibaya, jambo ambalo katika nchi ya Rabai, nchi ya minazi, lilikuwa sawa na kumsema vibaya mwenyeji wako mezani pake. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya Warabai wenyewe wawe wachache kanisani kwa miaka mingi, nalo likajaa wageni. Watu wetu waliutazama ule mji wa misheni ulio katikati ya minazi yao wakasema, "Hao ni watu wa Mzungu." Maneno hayo hayajafa. Nimeyasikia katika mkutano wa Chama hiki, nayo ndiyo yaliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwafanya mashemasi wawili wa wale watu wa Nashik, Ishmael Semler na William Jones. Hawa ndio Waafrika wa kwanza kupata daraja hiyo katika kanisa la Kianglikana la nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Miezi miwili baadaye, mwezi wa Julai, Askofu alishika njia ya bara kwenda Uganda, naye alimchukua Jones. Wapagazi wengi wa msafara ule walikuwa watu wa Rabai na Frere Town. Walipofika Kwa Sundu, mahali paitwapo Mumias leo, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu kama 50. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na wale wenziwe pia waliuawa isipokuwa wanne. Jones alingoja mpaka alipopata hakika, kisha akawarudisha watu wake pwani mwendo wa miezi. Mwezi wa Februari 1886 watu wa Rabai waliuona msafara ukipanda mlima, na mbele yake bendera ya buluu yenye neno moja lililoandikwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi. Wasomaji wa Kitabu cha Samweli walifahamu maana yake, kwamba utukufu umeondoka. Wasiosoma walihesabu vichwa.

Habari za Askofu Hannington zimeandikwa vitabu. Makanisa yamepewa jina lake. Mimi hufikiri zaidi juu ya wale wapagazi, na juu ya wanawake waliosimama njiani siku hiyo ya Februari wakitazama nani yumo na nani hayumo. Mume aliyekombolewa baharini, akapewa jina, akaoa kanisani, akafia Busoga. Mjane wake hakuwa na ukoo wa mume wa kumrithi wala ukoo wa baba wa kumrudia. Alikuwa na kanisa tu.

Nakuja kwenye jambo kubwa kuliko yote katika habari hizi, nalo ni la watoro. Mkataba wa 1873 ulikomesha biashara ya baharini, lakini haukukomesha utumwa wenyewe. Katika mashamba ya pwani watumwa walikuwa wakilima kama kawaida, na sheria ya Sultani ilimtambua bwana wao. Wengi walitoroka. Wengine walijificha msituni wakafanya vijiji vyao; wengine wakaja Rabai. Sheria ilisema misheni isiwapokee, na wakubwa wa C.M.S., na balozi wa Kiingereza aliyekaa Unguja, walilirudia neno hilo mara nyingi, kwa kuwa waliogopa fitina na vita. Lakini aliyekuwa akisimamia Rabai alikuwa William Jones, na Jones alikuwa ameuonja utumwa kwa mwili wake. Mtoro aliyefika usiku akaomba mahali pa kulala hakumwona Jones akifungua kitabu cha sheria.

Wakaongezeka. Walijenga vibanda, wakalima, wakaja darasani na kanisani. Wenye watumwa wa Mombasa na wa mashamba wakaghadhibika, nao kwa sheria ya wakati ule walikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 1888 mambo yalikuwa karibu kuchafuka. Wakati huo huo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa ikianza kuishika pwani, na mjumbe wake George Mackenzie aliona kwamba hawezi kufanya kazi mahali ambapo bunduki zangoja kulia. Watoro waliokuwa katika vituo vya misheni walihesabiwa, wakaonekana zaidi ya 1,400, na wengi wao walikuwa Rabai. Mackenzie akapatana na mabwana: watalipwa fedha, na watumwa watakuwa huru. Padre Price, ambaye sasa alikuwa mzee, alikuwa amerudi tena kwa ajili ya shida hiyo hiyo. Tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai, wakaitwa mmoja mmoja kwa jina, na kila mmoja akapewa karatasi ya uhuru wake.

Nimefikiri sana juu ya siku ile. Bwana alilipwa fedha. Mtumwa, aliyelima miaka kumi au ishirini bila ujira, alipewa karatasi. Sisemi kwamba karatasi ile ilikuwa kitu kidogo. Waliipokea kwa machozi na vigelegele, na mimi katika nafasi yao ningefanya hivyo. Lakini karatasi haikuwa na shamba ndani yake, wala mnazi. Haikusema, "Huyu ni wa Rabai." Ilisema tu kwamba si mali ya mtu. Utumwa wenyewe ulifutwa na sheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, miaka 18 baadaye. Na swali la kwamba aliyeachwa huru ni wa wapi, hilo sheria haikulijibu, nasi ndio tunaoulizwa sasa.

Wazee wetu wana methali isemayo, mwacha asili ni mtumwa. Ni methali njema ya kumwonya kijana aliyekwenda mjini akasahau kwao. Lakini nawaomba tuchunge mahali tunapoisema. Kuna nyumba za Rabai ambamo methali hiyo ni sawa na kofi, maana watu wake hawakuiacha asili. Asili ilinyang'anywa mikononi mwao, wakiwa na umri wa miaka sita au saba, kwa kamba.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Mwaka 1898 dayosisi ya Mombasa ilianzishwa. Mwaka 1903 ilifunguliwa Frere Town shule ya kuwafundisha makasisi, ambayo mwaka 1930 ilihamishwa Limuru, nayo ndiyo iliyokua hata ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Wana wa waliokombolewa walikuwa waalimu, makarani, wapiga chapa na makasisi katika nchi yote, kwa kuwa walitangulia kusoma. Mmoja wao, James Juma Mbotela, ambaye baba yake alikombolewa, aliandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa kilichotolewa mwaka 1934; na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, wa jamaa hiyo hiyo, aliyefariki mwaka 2025, alijulikana katika kila nyumba yenye redio. Watu wa Kenya walimcheka na kumpenda, na wachache walijua sauti ile imetoka katika mji wa namna gani.

Kwa upande wa Rabai, kanisa na wenyeji walikaribiana polepole, kwa njia ya shule zaidi kuliko mahubiri. Wajukuu wa kaya wakaingia darasani pamoja na wajukuu wa watoro, wakapigwa na mwalimu yule yule, wakaoana. Leo mtu akisimama mlangoni mwa kanisa siku ya mavuno, akitazama akina mama wakileta nazi, mihogo, kuku na matenga ya maembe, hawezi kusema nani ni wa upande gani, isipokuwa akiyasikia majina ya ukoo. Nyumba za Krapf na Rebmann zahifadhiwa, pana jumba la makumbusho, na wageni huja kutoka mbali. Kaya zetu nazo ziliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Nafurahi kwa yote mawili. Lakini mahali pa watu wa tatu pa kutembelewa ni makaburini tu.

Najua hoja za wasiokubaliana nami, nao ni watu ninaowaheshimu. Wasema kwamba tukiifungua kanuni, kesho atakuja kila mtu. Na tena kwamba aliyeandikwa mtu wa Rabai katika Chama atakwenda kudai ardhi ya Rabai. Hofu ya ardhi si upuzi. Pwani nzima imeumizwa na mambo ya ardhi, na mtu aliyenyang'anywa mara moja hushtuka hata kwa upepo. Walakini Chama hiki hakina ardhi hata pima moja. Kina jeneza, gari la kukodi, sufuria za matanga na akiba ya karo. Kadi yetu si hati ya shamba, wala hakuna mahakama itakayoipokea hivyo. Anayeiomba aomba kwamba siku akifa sisi tuje. Na ikiwa desturi ya pwani yakubali kwamba aliyepanda mnazi katika shamba la mwenziwe ana haki katika mnazi ule ingawa mchanga si wake, je, watu waliozika wafu wao kwetu vizazi vitano, sita, hawajapanda kitu?

Kuhusu hoja ya kwamba atakuja kila mtu, dawa yake i katika daftari. Naleta pendekezo kwamba kanuni ya nne irekebishwe, ili mwenye kuomba atakayeshindwa kutaja ukoo na kaya aweze kuonyesha mojawapo ya mambo mawili: ama jina la mzazi, babu au bibi yake katika rejesta ya ubatizo, ndoa au maziko ya kanisa la Rabai, ama ushahidi wa wazee wawili wa Rabai kwamba wazazi wake walizikwa huko. Asiulizwe zaidi ya hapo. Asiulizwe kabila la babu yake, maana huenda babu mwenyewe hakulijua.

Pendekezo hili halitafaa kitu ikiwa majina yenyewe yatapotea. Daftari za zamani ni karatasi, na karatasi ina adui watatu katika nchi yetu: mchwa, unyevu, na mtu anayeazima. Wazee wanaokumbuka ni nani alimzaa nani katika nyumba za misheni wanapungua kila mwaka, nasi wenyewe huwazika. Mwaka 2046 itatimia miaka 200 tangu wazee wa kaya walipowakubalia wale wageni wawili wenye homa. Pengine patakuwa na sherehe, na hotuba nyingi juu ya Krapf. Ningependa siku hiyo kuwe na orodha nyingine ya kusomwa.

Kwa sababu hiyo, kwa ruhusa ya Mwenyekiti, limewekwa daftari jipya mezani kwa Katibu, karibu na mlango. Kila mwenye kumjua mtu aliyezikwa Rabai katika nyumba za misheni, na aandike jina lake, na mwaka kama aujua, na aliyemzaa. Likijulikana jina moja tu, la ubatizo, liandikwe hilo moja. Asiyeweza kuandika atasaidiwa na Katibu Msaidizi, ambaye atakaa hapo mpaka saa kumi na moja.